Mvua Nilizojifunzia Kukimbia

Jumatatu, 5 Desemba 1994

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza. Daftari hili ni la binti yangu Shamila, aliliacha alipokwenda chuo cha ualimu Morogoro. Sista Anitha wa kliniki ya sukari kaniambia niandike kila siku nilichokula na nilivyotembea. Ya chakula nitamwandikia karatasi mbali. Humu nitaweka yangu. Shule niliishia darasa la nne, ila mwandiko ninao, na moyo umejaa.

Sukari imepanda, na vidole vya mguu wa kushoto vimeanza ganzi. Sista kaniambia, "Mama, itumie hiyo miguu. Tembea kwa haraka, ukiweza kimbia. Usipoitumia itakuacha." Nilitaka kucheka nikashindwa. Dada yangu Zuhura, Mungu amrehemu, alianza hivyo hivyo kule Kondoa. Wakamkata chini ya goti, wakarudi wakamkata juu ya goti, halafu tukamzika. Nilimwosha mimi. Sitaki mwanangu anioshe hivyo.

Jumatano, 7 Desemba

Baba Shamila kanifurahisha. Yeye anauza mitumba kwenye minada, Chemba na huko kwingine, na leo kafungua robota jipya akanitolea raba. Nyeupe, zimelika kisigino kimoja. Akachuchumaa akanivalisha mwenyewe.

Mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, anakokaa toka asubuhi mpaka magharibi. Akasema, "Mwanangu, unamvalisha mkeo kama mtoto wa chekechea. Na kamasi umfute."

Mume wangu ni mtu mwema. Kitasa cha nyumba hii ni mama yake.

Ijumaa, 9 Desemba

Baada ya kuswali alfajiri Bi Mwanasha hurudi kulala kidogo. Nikavaa suruali ya Shamila ndani, gauni juu, buibui juu ya gauni, nikatoka. Mpaka stendi nilitembea tu, naona haya kama niliyetoka uchi. Kisha nikakimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili. Nikadhani nakufa. Nikatembea nguzo moja, nikakimbia nyingine.

Jumatano, 14 Desemba

Nimepata dawa ya pumzi. Nakimbia na uradi: subhanallah mguu huu, alhamdulillah mguu huu. Pumzi ikikata uradi, nami natembea.

Leo nimezunguka Uhindini. Niliolewa nikaletwa hapa Majengo mwaka sitini na nane, na Uhindini nilikujua kwa kununua vitambaa, tena macho chini. Leo nimetazama juu. Kumbe zile nyumba zina maua ya saruji juu ya madirisha! Hakuna aliyewahi kuniambia.

Jumanne, 20 Desemba

Nimevuka reli mpaka mtaa wa Kikuyu. Vumbi. Mvua bado inatunyima.

Jumatano, 28 Desemba

Mvua ilipiga jana kutwa, leo ardhi inanukia. Nimefika Area C. Nyumba zimekaa mbalimbali kama zimegombana, mageti, mbwa wanabweka ndani. Mlinzi mmoja akasimama.

"Mama, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Unafukuzwa?"

"Sifukuzwi."

Akafikiri. "Basi unakimbilia wapi?"

Nikamwambia nakimbilia kurudi nyumbani. Akanipisha, lakini alikuwa ananionea huruma, nilimwona.

Jumanne, 3 Januari 1995

Kizota! Sikujua mji wetu una upande wa namna hii. Asubuhi yote ni nyundo na cheche za kuchomelea, mabati, magari yasiyo na milango. Vijana wa gereji waliponiona wakaacha kazi.

"Bibi, umeibiwa au umeiba?"

"Basi limemwacha huyo!"

"Kichaa katoroka Mirembe, mpigieni simu daktari!"

Mimi na uradi wangu. Pumzi ikanikata palepale mbele yao, nikainama nimeshika magoti. Akatoka mama mmoja Mgogo, anawauzia uji, akawageukia na upawa mkononi: "Nyie, mama zenu wangejua kukimbia msingekuwa na vitambi hivyo!" Wakacheka wao kwa wao. Akanikalisha kwenye tairi.

Jina lake Ruthu. Mumewe alipunguzwa kazi kiwandani, naye akaanza na sufuria moja. Akanichotea uji. Nikamwambia nina sukari. Akanichotea mwingine kwenye sufuria kabla hajaukoroga na sukari. Tukakaa. Sijui lini mara ya mwisho nilikaa mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mke wa nani.

Alhamisi, 12 Januari

Kliniki. Sukari imeshuka! Sista Anitha kanipigia makofi mbele ya wagonjwa. Kidole kidogo kimeanza kusikia baridi ya sakafu.

Jumanne, 17 Januari

Bi Mwanasha kanikuta narudi. Kanitazama raba, kanitazama uso. "Unanuka jua," akasema, akaendelea na tasbihi yake. Siku nzima nasubiri amwambie mwanawe. Hakumwambia.

Waliomwambia ni wanaume wa benchi la nje ya msikiti. Baba Shamila kaniuliza kwa upole baada ya kula, "Kumbe unafika mpaka Kizota?" Nikamwambia nafika. "Mimi nilidhani unazunguka hapa nyuma." Akanawa mikono muda mrefu. "Endelea, lakini usipite mbele ya msikiti."

Jumatano, 25 Januari

Ya jana nayaandika leo. Jana mkono ulikuwa hauandiki.

Baba Shamila alikuwa Chemba mnadani tangu juzi. Bi Mwanasha alikuwa na homa, lakini alfajiri ilikuwa imepoa, kalala vizuri. Nikatoka. Nilikuwa karibu na Kizota mbingu zilipofunguka. Njia ikawa mto. Nikavua raba nisiziharibu, nikazishika mkononi, nikageuza, nikakimbia kweli, si kwa nguzo. Mtandio ulinitoka kichwani nikaukosa. Mbele ya nyumba ya jirani yetu, Mama Lulu, nikateleza, nikainuka na matope mpaka kifuani.

Yeye alikuwa dirishani. Sasa tazama alichokiona: mkwe wa nyumba yenye mgonjwa, asubuhi, kichwa wazi, miguu mitupu, viatu mkononi, anakimbia. Kwetu mwanamke hakimbii hivyo kwa jambo lingine.

"Mama Shamila, kuna nini? Bi Mwanasha?"

Sikuwa na pumzi hata ya neno. Nikainua mkono, maana yangu asubiri, nikaingia ndani. Nyuma yangu nikasikia kilio chake.

Niliingia kujimwagia maji na kubadili nguo. Nilipotoka bafuni, uani pamejaa wanawake wenye kanga vichwani, wananikumbatia. "Pole, mwenzetu. Kapumzika." Nje wanaume wameshafika na mabenchi, mmoja anauliza nani anakwenda kuchimba. Kabla sijafungua mdomo, waliokwenda chumbani kumvua marehemu mapambo wakapiga ukelele, wakatoka mbio wakigongana mlangoni.

Bi Mwanasha akatoka nyuma yao, kajifunga kanga yake kifuani. "Nani kafa?" Akatazama mikeka. "Ni mimi? Nimekufa, na mmeanza bila hata kuniambia?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Naye akafurahi, akaagiza chai ipikwe, akawa anawataja wasiokuja. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Halafu Mama Lulu akashika mdomo. "Jamani, basi la Kondoa. Nimempa kondakta habari ampelekee mwanawe Chemba."

Baba Shamila alifika alasiri. Watu wengi walikuwapo bado, mvua iliwazuia. Alikuja na lori la mbuzi, kalowa mpaka mifupa, na kwapani kashika sanda, kaifunga kwenye nailoni isilowe. Marobota aliyaacha uwanjani, wazi, na mvua juu yake. Akapita katikati ya watu bila salamu. Mama yake alikuwa anakunywa uji. Mwana akaanguka miguuni pake, akalia kama mtoto, na ile sanda bado kwapani. Bi Mwanasha alimpapasa kichwa. "Haya, haya. Nitakufa, usiwe na haraka."

Ingeishia pale. Lakini mume wangu alitoka nje kuwashukuru watu, na mmoja wa benchi la msikiti akasema, "Abdulnasiri, mkeo akikimbia tena tutakuzika wewe." Wakacheka wote. Yeye hakucheka. Akageuka, akasimama kizingitini akinitazama mimi ndani.

"Mgeni!" Miaka yote ya kuzaa naye haniiti kwa jina langu. "Siku utakayovuka mlango huu kwenda kukimbia, siku hiyo umeachika. Mashahidi ni hawa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kila mtu alisikia.

Alhamisi, 26 Januari

Sikutoka.

Jumanne, 31 Januari

Anayejua dini anaelewa. Si tishio la hasira linaloisha na kikombe cha chai. Mume akiweka sharti la namna hiyo, linakaa pale kama mtego, hata naye akilala, hata akisafiri. Na si neno la kwanza kati yetu. Mwaka sabini na nne aliniacha kwa talaka moja, kisa chumvi na maneno ya watu, akanirejea wiki haijaisha. Moja ilishatoka.

Jana usiku Baba Shamila alilala ametazama ukuta. Akasema, "Nilikuwa na hasira."

"Basi yafute."

"Yanafutika?" Aliniuliza mimi! Mimi wa darasa la nne.

Jumatano, 1 Februari

Mwezi umeandama, Ramadhani. Sista alinikataza kufunga. Nimefunga.

Jumatano, 8 Februari

Mvua. Naenda sokoni kwa kutembea, narudi kwa kutembea. Nikiona njia imenyooka, mwili wote unavuta. Naogopa hata kuharakisha nikiiwahi mvua, mtu asije akasema nilikimbia.

Jumanne, 14 Februari

Nilijaribu uani. Kati ya pipa la maji, banda la kuku na choo, hatua chache unageuka, hatua chache unageuka. Kizunguzungu. Bi Mwanasha alikuwa ananitazama kutoka ukumbini.

"Unatafuta nini humo?"

"Sitafuti kitu, mama."

"Nami nimetafuta humo humo miaka hamsini," akasema. Akaniita nikae, nimkune mgongo.

Jumatatu, 20 Februari

Ruthu alikuja, kauliza njia nzima mpaka kanipata. Kasimama mlangoni, kitambaa cha kanisa kichwani, anaogopa kuingia. "Kizota walisema kuna bibi kafa Majengo akafufuka, nikajua ni kwako."

"Bibi mwenyewe ni mimi," akasema Bi Mwanasha. "Karibu, upite."

Nilipomweleza, hakuelewa. "Yaani ukikimbia hapa mpaka kwangu, huna mume?"

"Sina."

"Na ukitembea?"

"Ninaye."

Alinitazama aone kama namtania.

Ijumaa, 3 Machi

Idi jana. Mume wangu kanishonea gauni. Nikalivaa, tukala, akaninunulia na zabibu za Makutupora ambazo siruhusiwi. Anataka niseme kitu. Zamani nilimwona mama yake ndiye aliyekaa mlangoni; sasa namwona yeye.

Alhamisi, 9 Machi

Kliniki. Sukari imepanda kupita ile ya Desemba. Ganzi imefika kifundoni. Sista hakunipigia makofi. "Mama, ulikuwa unashuka vizuri. Umefanya nini?" Nikasema mvua. "Nakupa mwezi. Isiposhuka tunaanza sindano, na huo mguu tutauangalia kwa jicho jingine."

Jumatano, 15 Machi

Nilitoka sokoni, nikaweka kapu, nikaanza kuchambua mchele. Bi Mwanasha akasema, "Nani kachinja?" Nikatazama sakafu. Damu, toka mlangoni mpaka nilipokaa. Msumari ulikuwa umepita kwenye ndala, umeingia wote kwenye unyayo. Nilikuwa nimetembea nao toka sokoni. Sikusikia kitu.

Hofu niliyoipata sijawahi kuipata. Si kwa maumivu. Kwa kuwa hayakuwapo.

Bi Mwanasha aliuchomoa mwenyewe, akaosha kwa maji ya chumvi. Mwanawe aliporudi, akakuta mama yake kauweka ule msumari kwenye sahani yake ya chakula.

"Nini hiki, mama?"

"Kimetoka mguuni kwa mkeo. Hakujua kama kiko." Akavuta mkeka. "Wewe umelifunga hili mbele ya watu. Sasa nenda kwa wanaojua ukaulize linafunguliwaje."

"Watanicheka."

"Mimi walinicheka nikiwa maiti. Nimekufa?"

Alhamisi, 23 Machi

Sheikh Bashiri alikuja, aliyemsomesha mume wangu Kurani utotoni. Walikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia.

"Ulisema ukiwa na akili zako?"

"Nilikuwa na hasira, sheikh."

"Kila anayeacha ana hasira, Abdulnasiri. Sijaona aliyeacha huku anacheka. Kabla ya hapo ulishawahi?"

"Moja."

Kikombe kikawekwa chini. "Basi sikiliza. Kwa tulivyosoma sisi, sharti ukishaliweka hulitoi. Hata ukijuta, hata ukilia. Ama mkeo asikimbie maisha yake yote, ama akimbie mara moja, lianguke, liishe. Likianguka, hiyo ni talaka ya pili. Ukimrejea ndani ya eda, mkeo kama zamani. Lakini utakuwa umebakiwa na moja. Hiyo ikikutoka, kwa hasira au kwa mzaha, humpati tena. Sikwambii fanya. Nakwambia ilivyo."

Nikaona haya, lakini niliuliza. "Na mimi sheikh, nikikimbia siku hiyo, nina dhambi?"

"Unatibu mguu, Bi Mgeni. Toka na nia hiyo."

"Na asiponirejea?"

"Hilo liko mkononi mwake."

Jumamosi, 1 Aprili

Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anakwenda mnadani, anarudi. Jana aliniambia, "Nikifa kabla sijakurejea?" Nikamwambia, "Nami nikikatwa mguu?" Akazima taa.

Jumatano, 5 Aprili

Kasema nikimbie Jumamosi.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua zimeisha, asubuhi ilikuwa safi, majani mpaka barabarani. Mume wangu alikaa barazani, na Sheikh Bashiri, na jirani yetu Munir awe shahidi wa pili. Nilivaa raba chumbani. Nilikuwa nimeshaswali, nikaswali tena.

Nilipofika mlangoni nilisimama. Miaka ishirini na saba. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake. Nikasema bismillah, nikavuka kwa mguu wa kulia, nikakimbia.

Nilipofika kona ya Mama Lulu nilikuwa nimeshaachika, naye yuko dirishani, leo hakupiga kelele. Nilikimbia nalia. Stendi nikaacha kulia. Nikapita mbele ya msikiti, benchi lote likanyamaza. Baada ya hapo sijui, uradi ulikuwa unakwenda wenyewe.

Ruthu alinipokea kwa mikono miwili. "Leo umekuja kwa kukimbia?"

"Leo sina mume."

Akakaa kwenye tairi lake, kachoka yeye kuliko mimi. "Sasa itakuwaje?"

"Wananingoja nyumbani. Akitaka ananirejea."

"Na wewe unataka?"

Hakuna aliyeniuliza hilo, si sheikh, si Sista, wala mimi mwenyewe. Nikanywa uji wangu usio na sukari. Vijana wa gereji walikuwa wanagonga bati. Nikamwambia Ruthu kweli yangu: nataka kurudi, lakini si sasa hivi. Akaniongeza uji. "Waache wangoje, basi."

Jua lilikuwa limeshakuwa kali niliporudi, na nilirudi kwa kukimbia. Walikuwa palepale. Munir kakunja miguu, kachoka. Mume wangu alisimama aliponiona, akatazama raba zilivyo na tope, na uso wake ukabadilika.

Sheikh akasema, "Haya, Abdulnasiri. Sema."

Nilisimama chini ya baraza, jasho linanitoka, mwanamke asiye wa mtu.

"Kwanza aniahidi," akasema. "Kizota aache. Azunguke hapa karibu."

Nikafungua mdomo. Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kuahidi.

"Sharti jingine?" Sheikh aliuliza taratibu. "Mikononi una moja tu, mwanangu. Unataka nayo kuitundika kwenye sharti?"

Kutoka ndani Bi Mwanasha akasema, "Hebu mwacheni afikiri. Hajazoea."

Mume wangu alikaa chini. Akatazama barabara, akanitazama mguu wa kushoto. Nikaona midomo inamtetemeka, na nikajua si hasira. Anauogopa ulimi wake.

"Nimekurejea, Mama Shamila," akasema. "Nimekurejea katika ndoa yangu. Mashahidi ni hawa."

Nikaingia kuoga. Nilikaa bafuni muda mrefu, nasugua miguu yote miwili.

Jumapili, 9 Aprili

Tumekula na Baba Shamila. Anaongea nami kama mtu aliyebeba chungu kichwani kinachofurika. Nami vilevile, nikimjibu napima. Imebaki moja, na sote wawili tunaishi ndani yake.

Jumatatu, 10 Aprili

Alikuwa barazani kabla yangu. Nikakaa kwenye ngazi, nikafunga kamba za raba.

"Naenda Kizota, Baba Shamila."

Alifungua mdomo. Nikangoja. Akaufunga.

Nikaenda.